Ufa wa Kalliroi

Waulize wanaume wa kisiwani kwetu habari za Kalliroi, watakueleza mpaka kahawa ipoe. Watakuambia iliundwa Amerika wakati wa vita, mwaka 1943, kwa siku arobaini na mbili tu, na mafundi ambao wengine wao walikuwa hawajaiona bahari kabla ya hapo. Watakuambia mabamba yake hayakufungwa kwa misumari ya ribiti kama meli za zamani, yalichomelewa mbio mbio usiku na mchana, maana Wajerumani walikuwa wanazamisha meli haraka kuliko watu walivyoweza kuziunda. Ilibeba vifaru, unga na baruti. Ikimaliza safari moja salama ilihesabiwa imekwisha lipa deni lake. Yote hayo watayasema kwa majigambo, utadhani waliichomelea wao. Wakifika mwaka 1959 watakohoa na kuagiza kahawa nyingine.

Mwaka huo nitaueleza mimi. Jina langu ni Angeru, mke wa Isidoros, aliyekuwa serahangi wa Kalliroi, msimamizi wa mabaharia wote wa sitaha. Nimepewa na jina jingine, nitalifikia.

Familia yenye meli hapa kwetu ilipoteza meli zake zote nne vitani. Baba yangu alikuwa kwenye ile ya tatu, anachochea makaa, na hakuna aliyerudi hata kutuambia ilizama asubuhi au jioni. Vita vilipokwisha tulikuwa tunakula magugu. Wanaume walikaa gatini mikono mitupu, wanatazama maji. Halafu mwaka 1947 Amerika ikaanza kuuza zile meli zake za vita, na familia ikapata moja. Wakaifutia jina la bwana fulani wa huko ambaye hakuna aliyemjua, wakaipa jina la mama mwenye mali, Bibi Kalliroi.

Siku ilipokuja mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Padri alipanda na maji ya baraka akanyunyiza mpaka kwenye mitambo. Wanawake walilia. Haikuwa nzuri, jamani, sitaki kudanganya: pana, butu, na mwendo wake ulikuwa maili kumi na moja kwa saa ikiwa na raha zake. Lakini ilikuwa yetu. Mabaharia wote ishirini na wanne walitoka hapa, na nahodha pia, Zannis, kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Meli ile iliezeka paa la shule, ikaozesha mabinti, ikarudisha nyama kwenye meza za Pasaka. Mimi jiografia niliisoma kwake: Kalliroi iko Rosario inapakia mahindi, Kalliroi iko Kalkuta na makaa, Kalliroi imekwama Odesa kwa barafu. Mtoto wa hapa alijua njia ya Rosario kabla ya kuijua njia ya Athene.

Ilikuwa na tabia moja, na kila mtu aliijua. Haikupenda baridi. Chuma kile cha haraka haraka kikipata maji ya barafu kilikuwa kinapasuka ghafla, na meli kadhaa za aina yake zilikuwa zimekatika vipande viwili huko kaskazini, nyingine zikiwa zimefungwa gatini. Wenye meli waliitia mkanda wa chuma juu ya sitaha kuizuia. Ilitosha, mradi isipate kidonda kingine.

Mwaka 1956 niliolewa na Isidoros, na msimamizi wetu wa ndoa, aliyetubadilishia taji kanisani, alikuwa Nahodha Zannis. Hapo akawa kumbaro wetu, na kumbaro kwetu ni zaidi ya ndugu. Ndugu hukumchagua. Tangu siku hiyo alikuwa akiniita kumbara nami namwita kumbare, na ilijulikana kwamba mtoto wetu wa kwanza atasimamiwa naye kwenye ubatizo, na yeye ndiye atakayempa jina.

Sasa nieleze kosa, na nianze na sehemu yangu.

Meli zikitoka Bahari Nyeusi njia yake ya kawaida iko magharibi ya Hios, kile kisiwa kikubwa jirani yetu, mbali, huko kwenye kina. Lakini manahodha wa kwetu huzunguka wakapita kwenye mlango wetu wa bahari, karibu na gati, wapige honi mara tatu. Kengele za kanisa zinajibu, wanawake wanapunga mashuka, na baharia ambaye hajafika nyumbani mwaka mzima anapata kumwona mama yake akiwa na ukubwa wa kidole. Hakuna nahodha aliyeacha kufanya hivyo. Ungeacha, mama yako angekuuliza umekosana na nani.

Binti yetu alizaliwa Julai 1959. Isidoros alikuwa na miezi minane baharini. Nikamwandikia Zannis barua Odesa, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu: Kumbare, mtakapopita, sogea karibu kuliko siku zote. Nitamwinua mtoto. Nataka baba yake amwone uso, asione kitambaa tu.

Akasogea.

Ilikuwa tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Mama wa Mungu, kisiwa kimejaa, wenye meli wote wamekuja kutoka London na nguo zao za kitani. Bibi Kalliroi alikaa kwenye kiti gatini, amevaa nyeusi. Meli ilikuja imeshiba ngano, imezama mpaka kwenye alama, na ilikuja karibu hata nikaziona ndevu za Isidoros. Nilimwinua mtoto juu. Isidoros alikuwa kwenye omo, mbele kabisa, ameshika kofia, analia hadharani bila haya, na mimi nikacheka kwa furaha kama mwendawazimu.

Halafu mawe ya gati yakatetemeka chini ya miguu yangu. Sauti ilikuwa ndogo, mgumio mfupi wa chini kwa chini. Kalliroi ilisimama kwa muda wa kupiga ishara ya msalaba, ikainama kidogo upande wa kushoto, ikajivuta, ikaenda. Nyuma yake maji yalibaki na tope. Kengele zilinyamaza zenyewe.

Watu mia tatu tulikuwa pale. Bibi Kalliroi ndiye aliyesema kwanza.

"Ni wimbi."

"Wimbi," akasema padri.

"Enhe, wimbi kubwa kweli," wakasema wengine, na bahari siku hiyo ilikuwa imetulia tuli, ungeweza kuandikia barua juu yake. Kisha muziki ukaanza, watu wakala, na sijasikia tena mtu akilitaja.

Nahodha aliyegusa mwamba anatakiwa aandike kwenye daftari la meli, na bandari inayofuata mpiga mbizi au mkaguzi aitazame chini. Zannis hakuandika. Angeandika, angeulizwa alikuwa anatafuta nini pale, na bima haimwelewi mtu aliyekuwa anamwonyesha serahangi wake mtoto.

Mwishoni mwa Novemba mpishi wa meli alirudi nyumbani na ugonjwa wa tumbo, akaniletea barua ya Isidoros mkononi. Barua za mkononi ndizo zenye maneno. Nimeishika sana barua ile, naijua yote.

"Tangu Agosti tumbo la pili la shehena linalia maji. Tumefunua mbao za chini, kuna bamba limebonyea urefu wa vitanda vitatu, na mwisho wake kuna ufa unapanda ubavuni. Wiki ya kwanza uliingia ukucha. Sasa unaingia sarafu. Tumejenga sanduku la mbao juu yake tukamimina saruji. Kumbaro anasema itashika mpaka majira ya kuchipua, ndipo tuingie chelezoni kimya kimya. Tuko Antwerp tunashusha, kisha Kanada, watupu, kuchukua ngano kabla mto haujaganda. Usimwambie mtu. Nimbusie mtoto kwenye ule uso wake."

Kanada. Desemba. Meli tupu inayorushwa na mawimbi, na ufa unaoingia sarafu.

Nilikwenda kwa mama mkwe wangu, Sevasti, aliyekuwa anamenya vitunguu uani. Nilimsomea.

"Choma hiyo karatasi," akasema.

"Mama, itakatika."

"Haijakatika."

"Ikikatika je?"

"We mtoto, unadhani mimi sijui? Nimezika kanzu ya mume wangu, sikuzika mume. Kaburini pale mna kanzu na jozi ya viatu." Aliweka kisu chini. "Sasa nisikilize. Ukifungua mdomo, Zannis anapokonywa cheti. Wanaume ishirini na wanne wanashushwa. Wenye meli wanasema hawa watu wa kisiwa wana midomo, tutachukua mabaharia wa kwingine. Nani atalisha hizi nyumba? Wewe?"

"Mwanao yumo ndani yake!"

"Ndiyo, mwanangu yumo," akasema, akaendelea kumenya, na machozi yake sikujua ni ya kitunguu au ni ya nini. "Na amekuandikia usimwambie mtu. Wewe ni nani wa kujua zaidi yake?"

Siku mbili sikula. Nilikuwa namnyonyesha mtoto na maziwa yanakauka. Nilimwaza baba yangu mbele ya lile tanuri, na jinsi mama alivyoishi miaka yote akikisia tu, na nikaona nitaishi hivyo hivyo, tena mimi nitakuwa najua. Hilo sikuliweza. Siku ya tatu nilimwacha mtoto kwa dada yangu, nikapanda mashua ya asubuhi kwenda Hios mjini, nikaingia posta.

Kijana wa simu za maandishi aliniuliza inakwenda kwa nani.

"Kwa mkubwa wa bandari, Antwerp."

"Una jina lake?"

"Sina."

"Wanasoma Kigiriki huko?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Mwalimu mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaniandikia kwa Kifaransa, bila kuuliza mengi, Mungu ampe maisha. Maneno yalikuwa machache: Kalliroi imegusa mwamba Agosti, tumbo la pili, chini ya saruji, tazameni.

"Na sahihi?" akauliza yule kijana.

"Lazima?"

"Isiyo na jina wanaitupa, mama."

Nikaweka jina langu na la mume wangu.

Siku tano baadaye habari ikafika: Kalliroi imezuiwa Antwerp. Mkaguzi amekuta bamba lililobonyea na ufa wa mita nzima na robo. Zannis amenyang'anywa cheti. Mabaharia wote wanarudishwa. Siku ya sita kisiwa kizima kilikuwa kinajua ni nani, kwa sababu yule kijana wa posta ana shangazi hapa, na shangazi ana mdomo mkubwa kuliko kengele.

Hapakuwa na fujo. Laiti pangekuwa na fujo. Mwokaji mikate alianza kunipa mkate wa mwisho, baada ya kila mtu, hata kama nilifika wa kwanza. Kanisani benchi langu likawa pana. Mtu akifa, walinipa kahawa ya msiba kwa mkono ulionyooshwa mbali. Waliniita Simu. "Simu anapita." "Nyamaza, Simu anasikia." Mke wa Zannis alinitemea mate miguuni mbele ya duka, mwanamke aliyenivika shela siku ya harusi. Binti yangu alikaa bila jina mpaka Pasaka, maana nani angemsimamia? Mwishowe nikamwandikia yule mwalimu wa Hios. Akaja peke yake na mshumaa, akamsimamia ubatizo, akampa jina Plumi, akala chakula kwangu, akarudi na mashua ya jioni.

Isidoros alifika siku mbili kabla ya Krismasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa makofi, nimejiandaa kwa kukumbatiwa, vyote viwili. Aliweka mfuko mlangoni akamchukua mtoto, akakaa naye muda mrefu amemtazama. Halafu akaniambia, bila kuinua macho:

"Ulifanya ulichofanya."

"Nilitaka urudi."

"Basi nimerudi."

Na mazungumzo yakaishia pale, kwa miaka tisa. Nilijaribu. Nikianza tu, alikuwa anainuka kwenda kutazama mashua. Nikajiambia ana aibu, mke wake amemwangusha kumbaro wake, atahitaji muda. Nilimwonea huruma, hebu fikiria. Nilimpikia vizuri zaidi.

Meli ilitengenezwa. Wenye nayo hawakuitaka tena, wakaiuza kwa kampuni ya mbali iliyoipa jina jingine na kupaka bomba lake rangi nyekundu, nayo ikaendelea kubeba mizigo miaka mingine minane bila hata kikohozi. Hilo ndilo lililonimaliza. Kila mara mtu aliporudi alikuwa na habari: nimeiona Kalliroi Karachi. Nimeiona Kalliroi Santos, imejaa sukari. Walisema kwa sauti ya juu nikiwa karibu. Maana yake ilikuwa wazi: ona, isingekatika. Lakini bamba jipya lilikuwa limewekwa na lile la zamani limekwenda kuyeyushwa, na hakuna mtu duniani anayeweza kukuonyesha ajali ambayo haikutokea.

Zannis alifuga mbuzi kilimani. Mwanamume aliyeivusha meli bahari zote alikuwa anateremka na ndoo ya maziwa, na mimi nikimwona nilibadili njia. Isidoros, yeye, baada ya mwaka mmoja aliitwa kazini tena na familia ile ile, kwenye meli mpya, serahangi kama zamani. Nilijivuna. Niliwaza, wamejua kwamba yeye hana kosa, kosa ni la mkewe, na kweli hawapati serahangi kama yule. Alipokuwa akirudi likizo, wanaume walimpokea gatini kwa kumkumbatia, wakamvuta mkahawani, nami nikabaki na mifuko. Sijawahi kusikia kwamba alisema huko mkahawani neno moja tu, mwacheni mke wangu. Mara nyingine nilikasirika kwa hilo mpaka nikavunja sahani. Halafu nilikumbuka kwamba yuko hai, nikafagia vipande.

Mwaka 1968, mwezi wa Juni, ikasikika kwamba Kalliroi imeuzwa kwa chuma chakavu na inavutwa kwenda Istanbul, na kwa kuwa upepo wa kaskazini umechachamaa, boti inayoivuta itapita kwenye mlango wetu kujikinga. Watu walishuka gatini wote, wazee kwa fimbo. Bibi Kalliroi alikuwa amekwisha kufa. Isidoros alikuwa likizoni, akasema ana kazi ya kupaka madirisha.

Mimi nilikwenda. Nilisimama mwishoni kabisa, palepale nilipomwinua mtoto, kwa sababu hapo hakuna mtu anayesimama nami. Ilipita polepole, kutu tupu, haina moshi, bomba jekundu limechubuka, hakuna mtu juu yake. Haikuwa na mvuke wa kupiga honi. Wanaume walivua kofia. Kengele hazikupigwa, hakuna aliyejua kama inafaa.

Nikasikia harufu ya mbuzi. Zannis alikuwa amesimama pembeni yangu.

"Imekonda," akasema.

Sikujua kama anaongea nami.

"Kumbara," akasema, neno ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka tisa. "Nilitaka nikuambie kitu kabla haijakatwakatwa. Najua ni upuuzi. Lakini nimeona nikuambie ikiwepo."

"Sema, kumbare. Nitukane tu, una haki."

"Nani anakutukana? Ile simu yako..." Alikuna kidevu. "Mkaguzi alikuja nayo mkononi. Mbelgiji mnene, ana haraka, mvua inanyesha. Akaniuliza, hii ni nini? Nikamwambia, ni mke wa baharia, amegombana na mumewe, wanawake wa kwetu ndivyo walivyo. Akacheka. Akaitia mfukoni. Tukateremka tumbo la pili kwa desturi tu, juu ya mbao tulikuwa tumepanga marobota ya kamba. Akatazama, akaandika yake, akageuka kwenye ngazi. Alikuwa ameshakanyaga kipago cha kwanza."

Meli ilikuwa imefika mkabala nasi.

"Isidoros akachukua nyundo," akasema. "Hakusema kitu. Alisukuma marobota, akang'oa mbao, akapiga ile saruji. Alipiga mpaka maji yakaruka. Analia, anapiga. Mbelgiji akateremka tena. Basi, yakaisha."

Nilimtazama mdomo. Nilikuwa namsikia, ila maneno yalikuwa yanafika moja moja.

"Nani aliona?"

"Nani hakuona? Tulikuwa nusu ya meli mle ndani. Nusu nyingine walisikia kabla ya chakula."

"Wote? Mnajua wote? Mwokaji mikate anajua?"

"Mwanawe alikuwa na sisi."

"Mkeo?"

Akatazama ndoo yake. "Mke wangu pia."

"Sasa kwa nini mimi?" Nilipiga kelele, watu wakageuka. "Kwa nini mimi, Zannis? Miaka tisa! Kwa nini hamkumtemea yeye?"

Alihamisha ndoo mkono wa pili. Sidhani alikuwa anatafuta uongo. Nadhani alikuwa hajawahi kuulizwa.

"Tungesafiri naye tena," akasema. "Mtu unayelala naye chumba kimoja, anayekushikia kamba usiku wa dhoruba, huwezi ukamfanya adui. Meli haiendi. Na hasira ilikuwa lazima ikae mahali. Wewe ulikuwa unabaki nchi kavu." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo: "Na jina lako lilikuwa limeandikwa."

"Na wewe? Wewe uliyepoteza cheti?"

"Mimi nilimshukuru. Si siku ile, baadaye. Ule ufa niliuona ukiwa wazi, kumbara. Tusingefika nusu ya njia."

Alisema hivyo na kuondoka na ndoo yake, na miaka tisa nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu aniambie maneno hayo, na yaliponifikia sikuweza hata kuyafurahia.

Nilipanda nyumbani. Isidoros alikuwa juu ya kiti, anapaka fremu ya dirisha rangi ya buluu, kwa uangalifu wake wote, asichafue ukuta.

"Imepita?" akauliza.

"Zannis ameniambia habari ya nyundo."

Brashi ilisimama. Tone moja likaanguka sakafuni, na yeye asiyependa uchafu hakulifuta.

"Hakuwa na haki ya kusema," akasema.

"Wewe ulikuwa nayo. Ulikuwa nayo kila siku. Kila nilipoenda kununua mkate ulikuwa nayo."

"Angeru..."

"Nilikuwa nalala na wewe kitanda kimoja, nalia, unajifanya umelala!"

Akashuka kitini. Alikuwa amezeeka, niliona hapo hapo, shingo yake ilikuwa ya mzee.

"Nilipofika nyumbani nilikuta wamekwisha kukutupa," akasema. "Nilitaka kusema. Haki ya Mungu nilitaka. Usiku wa Krismasi nilikwenda mkahawani niseme. Wakanivutia kiti. Wakaniagizia kinywaji, hakuna aliyetaja kitu, wamenipa pa kuegemea mgongo. Nikaona, nikisema kwa mdomo, itabidi wanifukuze na mimi. Tutakuwa wawili nje. Mtoto je? Kazi je? Wewe ulikuwa nje tayari." Akaigeuza brashi mkononi. "Nikaona mmoja anatosha."

Aliposema hivyo niliitazama ile brashi mkononi mwake, na mkono, na uso ambao nilipeleka jina langu Antwerp ili uendelee kuwa juu ya maji. Nilitaka mume wangu arudi hai, na alirudi hai. Na kwa muda wa dakika moja pale sebuleni, labda si dakika, nilitamani ningeichoma ile barua kama mama mkwe alivyoniambia.

Ilipita. Nilichukua kitambaa nikafuta tone la rangi. Tumeendelea kuishi, Plumi ameolewa, Isidoros amestaafu, na siku hizi hupita yeye kwa mwokaji mikate kila asubuhi bila kuagizwa. Dakika ile naiungama kwa padri kila Kwaresima, na kila Kwaresima ananiambia Mungu ameshanisamehe tangu mwaka wa kwanza. Isidoros sijamwambia.